Seli haina kopo: mlango uliotafutwa kwa miaka 26

Mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini akifikishwa Bugando au Sekou Toure, hospitali za hapa Mwanza, dripu ya kawaida atakayotundikiwa haina maji matupu. Ina chumvi, gramu 9 katika kila lita, na kipimo hicho hakikupatikana kwa kubahatisha. Maji matupu, hata yawe safi namna gani, yakiingizwa moja kwa moja kwenye mshipa hupasua seli nyekundu za damu zinazokutana nayo.

Maabara wana kipimo kinachoonyesha jambo hili waziwazi. Mirija ya kioo hupangwa kwa mstari, kila mmoja ukiwa na maji ya chumvi yaliyozimuliwa kidogo kuliko ya mrija uliotangulia, kisha tone la damu hutiwa katika kila mrija. Kwenye gramu 9 kwa lita damu inabaki na utusitusi wake. Ukiiacha itulie, seli zinazama na maji ya juu yanabaki hayana rangi. Ukifika karibu gramu 5, maji ya juu yanaanza kupata wekundu. Kwenye gramu 3 mrija mzima umekuwa mwekundu angavu, kiasi kwamba ukiweka kipande cha gazeti nyuma yake unasoma maandishi. Seli zimepasuka na himoglobini yote imemwagika.

Sababu ni osmosisi, somo ambalo wengi wetu tulilikariri sekondari tukaliacha kwenye daftari. Utando wa seli hupitisha maji kwa urahisi kuliko unavyopitisha chumvi, sukari na protini, na upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka ndio unaovuta maji. Pale Mwaloni, Kirumba, biashara ya kayabo inaishi kwa kanuni hiyo hiyo: sangara akishapasuliwa na kupakwa chumvi nyingi, chumvi ya nje inayavuta maji ya ndani mpaka yanachuruzika, nyama inakauka na kusafiri hadi Kongo bila kuoza. Kwa seli iliyotumbukizwa kwenye maji matupu mambo yamegeuka. Vitu vingi viko ndani, basi maji yanaingia.

Hadi hapo hakuna fumbo. Fumbo linaanza ukichukua seli ya aina nyingine, tuseme seli nyeupe ya damu, ukaiweka kwenye maji ya chumvi yaliyozimuliwa kiasi. Itavimba, ndiyo, ndani ya dakika moja mbili. Kisha, ikiwa bado imo katika maji yale yale mepesi, inaanza kunywea taratibu, na baada ya muda usiofika saa imekaribia ukubwa wake wa awali. Hakuna aliyeongeza chumvi. Imejirekebisha yenyewe. Protini inayowezesha jambo hilo inaitwa LRRC8A, na wanasayansi walihitaji zaidi ya robo karne kuifikia.

Mtu anaweza kudhani kwamba uvimbe wa namna hii ni mambo ya maabara tu. Sivyo. Seli ya utumbo inayofyonza sukari na asidi za amino baada ya mlo huvuta maji pamoja navyo. Seli za figo zinaishi mahali ambapo chumvi hupanda na kushuka kulingana na ulivyokunywa siku hiyo. Mkimbiaji wa Rock City Marathon akinywa maji matupu kupita kiasi, sodiamu ya damu yake hushuka na seli za ubongo huanza kuvimba. Na ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kupanukia. Hata bila vituko hivyo, kila seli ina protini nyingi zenye chaji hasi ambazo haziwezi kutoka, na hizo nazo huchangia kuvuta maji muda wote. Kinachotuokoa ni pampu ya sodiamu, iliyoelezwa na Mdenmark Jens Skou mwaka 1957 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Pampu hiyo hutoa ioni (chembe zenye chaji) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, usiku na mchana. Ikizimwa, seli huvimba.

Pampu ya sodiamu ni ya kazi ya kila siku. Maji yakiingia kwa ghafla inahitajika njia ya haraka, na hapa ndipo fikra zetu hupotoka kirahisi. Mvuvi wa Igombe mtumbwi wake ukiingiza maji, anayachota kwa kopo na kuyamwaga ziwani. Seli ya binadamu haina kopo. (Amiba anayeishi kwenye maji baridi analo: kifuko kinachojaa maji na kuyatema nje, kinajaa tena, kinatema tena. Sisi hatukujaliwa.) Seli yetu haiwezi kuyashika maji na kuyasukuma. Inachoweza ni kutupa shehena. Inafungua milango, yaani protini zenye tundu kwenye utando wake, na kuacha kloridi na potasiamu zitoke, pamoja na molekuli ndogo kama taurini. Vitu vikipungua ndani, mvuto wa maji unapungua, na maji yanatoka kwa kuvifuata.

Milango ya potasiamu si kitendawili kikubwa. Wa kloridi ndio uliowatoa watu jasho.

Kwamba upo, ilijulikana mwaka 1988. Akihiro Hazama na Yasunobu Okada huko Japani, na Michael Cahalan na Richard Lewis huko Marekani, kila kundi kivyake, walipima mkondo mdogo mno wa umeme unaotokea seli ikivimba. Walitumia ncha ya kioo nyembamba kuliko unywele, inayobandikwa kwenye utando wa seli. Mbinu iliyowapa Erwin Neher na Bert Sakmann Nobel ya mwaka 1991. Wajapani walifanya kazi na ukoo wa seli uliosadikiwa kutoka utumbo wa binadamu. Baadaye ilibainika kwamba ukoo huo ulikuwa umeingiliwa na seli za HeLa, zile za saratani ya mlango wa kizazi ambazo zimevamia maabara nyingi duniani bila wenyewe kujua. Mkondo wenyewe haukuwa wa uongo hata hivyo. Ulipotafutwa kwenye seli za aina nyingine za wanyama wenye uti wa mgongo, ulionekana karibu kila mahali.

Kuona umeme si kuona protini. Mwaka 1992 ilitangazwa kwamba mlango umepatikana, na ni P-glaikoprotini. Mwaka huo huo ikatajwa nyingine, pICln. Mwaka 1997 zamu ikawa ya ClC-3. Zote zilichapishwa kwa kishindo kwenye majarida makubwa, na zote zikaanguka kwenye jaribio lisilo na huruma: ukiiondoa protini hiyo, mkondo unapaswa kutoweka. Haukutoweka. Nadhani kosa lilikuwa la kipolisi. Mshukiwa alikamatwa kwanza, ushahidi ukatafutwa baadaye.

Mwaka 2014 makundi mawili yaliamua kutomshuku mtu yeyote na badala yake kuwahoji wote. Moja lilikuwa la Ardem Patapoutian katika taasisi ya Scripps, California; jingine la Thomas Jentsch, Berlin. Mbinu yao naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyovunja ukuta.

Walianza na seli zilizopandikizwa protini inayong'aa rangi ya njano. Ng'aro hiyo ina udhaifu mmoja: ikikutana na iodidi, jamaa wa madini joto tunayowekewa kwenye chumvi ya mezani, inafifia. Iodidi kwa tabia ni ndugu wa kloridi, na mlango uliokuwa unatafutwa huipitisha bila shida. Seli ziligawanywa kwenye visima vidogo vya sahani za plastiki, na katika kila kisima jeni moja ikanyamazishwa, mpaka jeni zaidi ya 20,000 za binadamu zikapitiwa. Kisha seli zikamiminiwa maji mepesi yenye iodidi. Zikavimba, mlango ukafunguka, iodidi ikaingia, mwanga ukafifia. Visima karibu vyote vilifanya hivyo. Kilichosakwa ni kile ambacho mwanga wake haukufifia: pale ambapo jeni iliyonyamazishwa ndiyo iliyokuwa inatengeneza mlango. Makundi yote mawili, yakifanya kazi pande mbili za bahari ya Atlantiki, yaliishia kwenye jeni moja iliyoko kromosomu ya 9. Scripps wakaiita SWELL1. Jina rasmi ni LRRC8A. (Nobel ya Patapoutian ya mwaka 2021, aliyoshirikiana na David Julius, ni kwa kazi nyingine: namna mwili unavyohisi mguso na joto.)

Wakati huo LRRC8A haikuwa ngeni kabisa. Mwaka 2003 madaktari wa Japani walimweleza msichana aliyezaliwa bila seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, na kwenye kromosomu zake wakakuta kipande cha namba 9 kimehamia namba 20 na kuivunja jeni hii. Ikaandikwa kuwa ni jeni ya kinga ya mwili. Mwaka 2012 Wahispania Federico Abascal na Rafael Zardoya, wakilinganisha tu mfuatano wa protini kwenye kompyuta, walibashiri kwamba vipande sita vya ukoo wa protini hii hukaa pamoja na kuunda mlango kwenye utando. Bashiri yao ilikuwa sahihi. Aliyekosekana ni mtu wa kuunganisha kingamwili, kompyuta na uvimbe wa seli kuwa habari moja.

Ukoo una ndugu watano: LRRC8A, B, C, D na E. Wapo kwa wanyama wenye uti wa mgongo, samaki wakiwemo. Sato wa ziwa letu, anayeishi kwenye maji yenye chumvi kiduchu yanayompenya kupitia matamvua kutwa nzima na kumlazimu figo zake zitoe mkojo mwingi mwepesi, naye anao. Kundi la Berlin lilionyesha kwamba A peke yake haitoshi. Ukiiondoa A, mkondo unakufa. Ukiiacha A ukawaondoa wengine wote wanne, mkondo unakufa vilevile. Mlango halisi ni mchanganyiko, A pamoja na angalau mmoja wa ndugu zake, na kila aina ya seli huchanganya kwa namna yake. Ukilielewa hili umeelewa zaidi ya nusu ya mambo yanayofuata.

Umbo lake lilionekana mwaka 2018, kwa hadubini ya elektroni na sampuli zilizogandishwa ghafla, katika maabara kadhaa ikiwemo ya Raimund Dutzler huko Zurich. LRRC8A ni mnyororo wa asidi za amino 810. Sehemu yake ya mwanzo huvuka utando mara nne. Sehemu ya mwisho inaning'inia ndani ya seli, imejikunja, imejaa asidi ya amino iitwayo lusini inayojirudia kwa mpangilio. Minyororo sita inakaa duara na katikati kunabaki tundu. Upande wa nje tundu hilo lina shingo nyembamba, na kwenye shingo, nafasi ya 103 katika kila mnyororo wa A, kuna arjinini yenye chaji chanya. Sita zikiwa duara, zinaivuta kloridi yenye chaji hasi. Kwa LRRC8D nafasi hiyo hiyo ina fenilalanini isiyo na chaji, na shingo ni pana zaidi. Asidi moja ya amino imebadilika, na mlango unaoshirikisha D unapitisha vitu ambavyo usingevitarajia kwenye mlango wa kloridi.

Mlango unajuaje kwamba seli imevimba? Jibu la haraka lingekuwa kwamba utando ukitanuka unauvuta ukafunguka. Mwaka 2016 kundi la Scripps liliisafisha protini, likaiweka kwenye utando wa kutengenezwa usio na seli yoyote, na likaona inafunguka pale tu chumvi ya upande wa ndani ilipopunguzwa. Kutanuka hakukuhitajika. Inaelekea protini hii inanusa kuzimuliwa kwa chumvi; maji yakiingia, ioni za ndani zinakuwa haba kwa kila tone, na hiyo ndiyo taarifa. Ndani ya seli hai zipo ishara nyingine zinazoongezea, na watafiti bado wanavutana juu ya ipi ina uzito gani.

Sasa tuje kwenye hospitali, maana kwa ukanda wetu habari hii si ya mbali. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na dawa inayotumika sana kuambatana na mionzi ni sisplatini: atomu moja ya platinamu, kloridi mbili na amonia mbili. Kwa miaka mingi ilidhaniwa inapenya utando yenyewe au kwa njia za madini ya shaba. Mwaka 2015 kundi la Jentsch, likishirikiana na wenzao wa Uholanzi, lilionyesha kwamba katika seli walizozipima, hata zisipovimba, karibu nusu ya sisplatini iliyoingia ilitegemea LRRC8A na LRRC8D. C na E hazikuhusika. Seli zikivimba, inaingia nyingi zaidi.

Kuna la pili, nalo binafsi naliona zito zaidi. Seli iliyodhurika vibaya na dawa hujiua kwa mpangilio, na hatua ya mwanzo ya kujiua huko ni kunywea: inatoa kloridi na potasiamu, maji yanafuata, inasinyaa. Mlango ule ule unahitajika. Kwa hiyo uvimbe wa saratani uliopunguza LRRC8D hupokea dawa kidogo, na uliopoteza LRRC8A hupokea kidogo na pia unakataa kufa. Mgonjwa anaweza kupewa dozi sahihi, kwa wakati, na dawa ikaishia kuzunguka nje ya seli ilizotumwa kuziua.

Kwenye ubongo mlango huu unageuka adui. Kiharusi kikikata damu, seli saidizi ziitwazo astrosaiti huvimba, mlango unafunguka, na pamoja na kloridi inatoka glutamati, kemikali ambayo ikizidi huua seli za neva zilizo jirani. Panya walioondolewa LRRC8A kwenye astrosaiti, katika utafiti wa mwaka 2019, walipata madhara madogo zaidi baada ya kiharusi. Ni panya, tusikimbilie kusherehekea. Upande wa kinga, mwaka 2020 ilionekana kwamba mlango huu hupitisha cGAMP, ishara ambayo seli iliyoshambuliwa na virusi huwatumia jirani zake. Kwenye kongosho, seli beta zinazotoa insulini hazifanyi kazi vizuri zikiukosa.

Na yule msichana wa Japani? Hapo hadithi haijanyooka. Panya wasio na LRRC8A kabisa hufa mapema na seli zao T, aina nyingine ya seli za kinga, zina kasoro kubwa. Lakini wapo panya wengine, walioelezwa mwaka 2017, ambao protini yao imekatwa mkia na mlango wao haufanyi kazi karibu kabisa, na bado seli T zao ni nzima. Ndiyo kusema protini hii huenda ina kazi nyingine isiyohusu kupitisha ioni hata kidogo, na ugonjwa wa msichana yule hauwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba seli zake zilishindwa kunywea.

Wasomaji wa Kanda ya Ziwa huuliza haraka kuhusu selimundu, na wana haki, maana huku kwetu familia nyingi zinaujua ugonjwa huo. Selimundu nayo ina habari ya ujazo wa seli, ila kinyume: seli nyekundu hupoteza potasiamu na maji kupita kiasi, himoglobini mbovu inasongamana na kujipanga kuwa nyuzi haraka zaidi. Mlango mkuu unaolaumiwa pale ni wa potasiamu, uitwao Gardos, tofauti kabisa na LRRC8A. Dawa ya kuuziba, senikapoki, ilijaribiwa kwa wagonjwa. Seli zikapunguza kupasuka ovyo, himoglobini ikapanda, lakini vipindi vya maumivu havikupungua, na jaribio likasimamishwa. Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila mtu anapodai kwamba mlango fulani wa ioni ukizibwa ugonjwa fulani umekwisha.

Dawa ya kuuziba LRRC8A ipo maabara, inaitwa DCPIB, na huziba vitu vingine pia. Hata ingekuwa safi, usingempa mtu ameze kila siku: panya dume walioondolewa protini hii kwenye seli zinazotengeneza mbegu huwa tasa, na wasio nayo mwili mzima wana figo na misuli yenye hitilafu. Kwa kiharusi, kuuziba kwa saa chache kunaweza kuwa na maana. Kwa saratani inayotibiwa na platinamu kunaweza kuleta balaa, kwa sababu utakuwa umeifungia dawa nje.

Mimi ningeanzia mahali pasipohitaji dawa mpya. Vipande vya uvimbe hukatwa na kutiwa rangi kila wiki ili kuthibitisha saratani ni ya aina gani. Kwenye kipande hicho hicho LRRC8D inaweza kupimwa. Ikithibitika kwa wagonjwa, wala si kwa seli za kwenye sahani tu, kwamba walio nayo kidogo hawafaidiki na platinamu, daktari angejua kabla ya dozi ya kwanza, na mgonjwa aliyetoka Ukerewe au Sengerema asingemaliza mizunguko yote ya sisplatini, na kichefuchefu chake na lita za dripu za kulinda figo, kwa dawa ambayo uvimbe wake hauipokei.